Kurudi, Kurudishwa, Kurudiana: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza na Safari Yake hadi Mtendeli

Hapana kipimo cha neno kilicho kikali kuliko tafsiri. Neno laweza kukaa ndani ya lugha yake karne nzima bila ya kuulizwa limebeba nini. Siku linapotakiwa livuke kwenda lugha nyengine ndipo linaposimamishwa bandarini na kukaguliwa mizigo yake. Katika makala haya tunakusudia kukikagua kitenzi kimoja cha Kiingereza, kitenzi cha kila siku, ambacho mwanafunzi hufundishwa mapema darasani na kisha asikifikirie tena maisha yake yote. Kitenzi chenyewe ni "return". Hatutakikagua kwa kamusi peke yake. Tutakichukua tukipeleke mbali na mwambao, kwenye nyanda za juu za Kigoma, mahali panapoitwa Mtendeli, ambako maana ya kitenzi hicho haikuwa suala la wanafunzi wa lugha bali la roho za watu.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza: Mtendeli ni wapi, na sisi watu wa mashairi na bahari inatuhusu nini? Mtendeli ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, katika eneo lililokuwa la Wilaya ya Kibondo kabla ya Kakonko kumegwa na kuwa wilaya yake mwaka 2012. Ilipokea watu katika miaka ya 1990, zama za vita vilivyofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993. Ikafungwa katika miaka ya 2000 amani iliporejea. Kisha ikaja misukosuko ya mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu. Warundi wakavuka mpaka kwa maelfu, Nyarugusu ya Kasulu ikafurika, na Januari 2016 Mtendeli ikafunguliwa upya. Ikafungwa tena Desemba 2021, na waliosalia wakahamishiwa Nduta. Kwa hiyo hata kambi yenyewe ina historia ya kwenda na kurudi. Na miongoni mwa waliokuja mara ya pili walikuwamo waliokwisha kuwa wakimbizi nchini humu, wakarudi kwao, wakakimbia tena. Kwa watu hao, kipi kilikuwa kurudi: kwenda Burundi au kuja Kigoma?

Kwanza tukitazame kitenzi chenyewe kwao. Kiingereza kinatumia umbo moja kwa mambo mawili yasiyofanana. Ndege wakirudi kiotani, ni "return". Mtu akikirudisha kitabu maktabani, ni "return" vile vile. Katika sentensi ya kwanza mwendo unatoka ndani ya anayekwenda. Katika ya pili, kitabu hakina kauli, kimechukuliwa tu kikapelekwa. Ukiligeuza neno hilo kuwa nomino, hata ule msaada mdogo wa mpangilio wa sentensi unapotea. Kiingereza kinaposema juu ya "return" ya wakimbizi, msikilizaji hana njia ya kujua kama wakimbizi ni mfano wa ndege au ni mfano wa kitabu. Mtendaji ameyeyuka ndani ya nomino.

Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Mwenye kusema Kiswahili hulazimika kuchagua tangu silabi za mwisho za kitenzi. Walimu wetu wa sarufi walitufundisha kuziita silabi hizo kauli: kauli ya kutenda, kutendwa, kutendea, kutendesha, kutendana. Hatudai kuwa jina la Mtendeli lina asili moja na mifano hiyo ya darasani, lakini sikio la Mswahili haliwezi kulisikia jina hilo lisikumbuke mtenda na mtendwa. Basi na tukinyambue kitenzi chetu. Wamerudi: wao ndio watendaji. Wamerudishwa: yupo mwengine aliyetenda, nao wametendwa. Tumewarudisha: sisi tumekiri kuwa watendaji. Wamerudiana: wametendana, kila upande umetenda na umetendewa. Matendo manne, na dhima nne mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Kiingereza huweza kuyafunika mengi ya hayo kwa shuka moja.

Tena kitenzi hicho kina mengine kwetu ambayo Kiingereza hakiyajui. Nguo ikifuliwa ikapungua, husemwa nguo imerudi. Imerejea ile ile lakini mwenyewe haimwenei tena. Na mzazi akimwadhibu mwanawe ili kumtia adabu, husemwa amemrudi. Tazama basi hatari inayomvizia mfasiri asiye makini: akisahau silabi moja akaandika kwamba serikali "imewarudi" wakimbizi badala ya "imewarudisha", atakuwa amesema serikali imewaadhibu. Silabi moja ndiyo tofauti ya usafiri na adhabu. Lugha yenyewe, kwa hekima ambayo haikutungwa na mtu mmoja, imeyaweka mambo hayo mawili karibu karibu, kana kwamba inatuonya.

Liko pia jirani yake, "rejea", neno lenye heshima zaidi. Hilo ndilo lililomo katika tafsiri ya kauli tuitamkayo tusikiapo tanzia, kwamba sote tu wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Hapo marejeo ni ya wote na hayana hiari, wala hakuna anayelalamika, kwa sababu Anayerejewa ndiye mwenye milki. Neno hilo hilo limo pia katika mlango wa ndoa: mume aliyetoa talaka rejea anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda, na fiqhi haikushurutisha ridhaa ya mke katika hilo. Lakini eda ikisha, hawezi tena kumrejea peke yake. Hapo sharti waoane upya, na watu husema wamerudiana. Msomaji aishike tofauti hiyo ya kumrejea na kurudiana, maana tutaihitaji mwishoni.

Wala tusidhani kuwa Waingereza wenyewe hawakuiona kasoro ya kitenzi chao. Ushahidi umo katika mkataba mashuhuri kabisa juu ya jambo hili, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi. Kifungu cha 33 kinaikataza nchi kumfukuza au kumrudisha mkimbizi kwenye mipaka ya mahali ambako maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Katika matini ya Kiingereza, waandishi walipofika kwenye "return" walisita. Wakafungua mabano na kutia humo neno la Kifaransa, "refouler", lenye maana ya kusukuma nyuma, kumpiga mtu mkumbo arudi alikotoka. Ni jambo la nadra: sheria ya ulimwengu, katika lugha yenye nguvu kuliko zote za zama zetu, inakiri kwamba kitenzi chake hakitoshi na kuazima cha jirani.

Hata hivyo mabano hayo hayakuziba mwanya. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la wakimbizi wa Haiti waliokamatwa baharini na walinzi wa pwani wa nchi hiyo na kupelekwa moja kwa moja walikotoka. Sehemu kubwa ya hukumu ile ni ubishi juu ya kitenzi chetu. Jaji Stevens, akiandika kwa niaba ya majaji wanane, alifungua kamusi za Kifaransa, akaona kwamba "refouler" ni kuzuia mtu mpakani au kumsukuma nyuma, na akahitimisha kuwa "return" ya mkataba ina maana finyu, nayo haiwafikii watu waliozuiwa nje ya mipaka ya Marekani. Jaji Blackmun, aliyepinga peke yake, alishikilia kuwa neno lichukuliwe kwa maana yake ya kawaida: mtu aliyekuwa njiani kukimbia, akashikwa na kupelekwa kule kule, amerudishwa, awe alishikwa bandarini au bahari kuu. Sisi watu wa visiwani tunaojua mashua ni nini hatuna haja ya kamusi kuona upi ulio usemi wa kweli baina ya hizo mbili. Lakini wanane walimshinda mmoja.

Sasa turudi Kigoma. Historia ya wakimbizi nchini kwetu yaweza kusomwa yote kama historia ya kauli za kitenzi hiki. Desemba 1996 serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwa pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda walitarajiwa kurudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Kitenzi kilikuwa katika kauli ya kutenda. Lakini wengi waliofungasha wakaelekea ndani ya nchi badala ya mpakani waligeuzwa na askari, na watu takriban laki tano wakavuka. Mwaka 2012 ikafika zamu ya kambi ya Mtabila, Kasulu: wakazi wake wengi walivuliwa hadhi ya ukimbizi, na kati ya Oktoba na Desemba watu wapatao 35,000 wakapelekwa Burundi. Safari hii neno la hiari halikutiwa; ukatafutwa msamiati wa marejeo ya utaratibu. Mwaka 2017 ukaanza mpango mwengine, wa nchi mbili pamoja na shirika lile, nao ukaitwa wa hiari. Kisha Agosti 2019 Tanzania na Burundi zikatia saini makubaliano, shirika likiwa si mshiriki, ambamo yalitajwa marejeo yatakayofanyika kwa hiari au bila ya hiari. Serikali ilisema haimfukuzi mtu, na misafara ikaendelea chini ya jina la hiari. Lakini mashirika ya haki za binadamu yakaandika juu ya masoko yaliyofungwa na vishawishi vyengine vilivyofanya kubaki kuwa kugumu.

Hapo ndipo ulipochanua msemo ambao wasomaji wa magazeti yetu wameuzoea: "kurejeshwa kwa hiari". Tuuchambue msemo huu kama tuchambuavyo mshororo. "Kurejeshwa" ni kauli ya kutendeshwa iliyotiwa katika kutendwa. Anayetajwa hana kauli. "Kwa hiari" ni sifa ya mtendaji, haiwezi kukaa juu ya asiyetenda. Basi hiari hii ni ya nani? Kwa sarufi iliyo safi, ni ya yule anayerejesha. Msemo uliokusudiwa kumhakikishia mkimbizi uhuru wake unamwambia, ukisikilizwa vyema, kwamba atapelekwa pindi wengine watakapopenda. Hatusemi kuwa waandishi walikusudia hivyo. Walikifasiri Kiingereza jinsi walivyokikuta, nacho kiliwaletea nomino isiyo na mtendaji. Hata hivyo kosa la mfasiri asiyekusudia humwangukia yule yule.

Iko hoja ya upande wa pili, na insafu yataka tuitaje. Tanzania imepokea wakimbizi tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao. Ni nchi chache zilizowahi kufanya ukarimu wa kiasi hicho. Watu wa Kibondo, Kakonko na Kasulu wamegawana na wageni wao misitu, maji na kuni, huku misaada ya walimwengu ikipungua mwaka hata mwaka. Mwenye nyumba kuchoka si dhambi. Lakini kuchoka huko kungesemwa kwa kitenzi chake: "tumewarudisha". Aliyesema hivyo amebeba dhima na anaweza kuulizwa. Aliyesema "wamerudi" ilhali amewarudisha ameitua dhima yake juu ya kichwa cha mgeni.

Upo mzigo mwengine ndani ya kitenzi. Kurudi hudhani kuwa umewahi kuwako. Mtoto aliyezaliwa Mtendeli mwaka 2016 na kupandishwa lori kwenda Burundi miaka minne baadaye, karatasi zote zilimhesabu miongoni mwa waliorudi. Anarudi wapi asikopata kukukanyaga? Warundi wenyewe wana neno lililo aminifu zaidi. Kukimbia ni "guhunga", na ndiko anakotoka "impunzi", yaani mkimbizi. Mtu akirejea kutoka uhamishoni husemwa "guhunguka". Msomaji anayejua kauli ya kutendua ataitambua mara moja silabi hiyo: ni ndugu ya ile inayogeuza funga kuwa fungua, na kunja kuwa kunjua. Guhunguka ni kuufungua ukimbizi kama fundo. Neno hili haliulizi mtu yuko upande gani wa mpaka. Lauliza kama ile mbio imekwisha ndani yake. Kwa kipimo hicho, mtu anaweza kuvuka mpaka, akahesabiwa na kupewa posho ya njiani, na bado hajahunguka. Waliorudi 2012 wakakimbia tena 2015 ni ushahidi.

Na sisi wa mwambao tumelisema jambo hili kwa namna yetu: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii hutajwa sana kumsuta anayekwenda huku na huku, kwamba mwisho wake ni pale pale. Lakini nguvu yake yote imesimama juu ya sharti moja ambalo halikutamkwa: kwamba chombo ni kizima. Ngama ikiingia maji, hapana marejeo. Wazee hawakulitamka sharti hilo kwa kuwa baharia halihitaji kuambiwa. Anayewaandikia wakimbizi anahitaji kuambiwa.

Tena visiwa vyetu haviko nje ya habari hii. Januari 2001, baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27, watu wapatao 2,000 walivuka kwa vyombo vidogo, wengi wao kutoka Pemba, wakafikia Shimoni, Kenya. Wengi walirudi mwaka ule ule; wengine hawakurudi. Mpemba aliyekaa Shimoni akisikiliza redio ili apime kama kwao kunakalika, na Mrundi aliyekaa Mtendeli akifanya vivyo hivyo, walikuwa wakikisoma kitenzi kimoja. Katika fasihi pia mwenzetu amekisoma. Abdulrazak Gurnah aliondoka Unguja katika miaka ya 1960 na asitie mguu tena hadi 1984. Riwaya yake "Admiring Silence" ya mwaka 1996 ina msimulizi anayekwenda kwao baada ya miaka mingi ya Uingereza, akakuta kwao hakumwenei kama nguo iliyorudi, kisha akenda tena Uingereza na huko nako akakuta pametoweka. Oktoba 2021 Gurnah alipewa Tuzo ya Nobel, na sababu mojawapo iliyotajwa ni jinsi alivyoandika juu ya hatima ya mkimbizi. Nchi nzima ilifurahi. Miezi miwili baadaye Mtendeli ikafungwa. Hatuyaunganishi mambo haya ili kumlaumu mtu. Twayaweka pamoja kwa sababu kalenda iliyaweka pamoja.

Mshairi naye ana nini cha kufanya? Kwanza ajue kwamba mizani haitamlinda. "Rejea" ni mizani mitatu, na "rejeshwa" ni mizani mitatu. Katikati ya mshororo, neno moja laweza kukaa mahali pa jingine na arudhi isilalamike hata kidogo. Sikio halitagundua, dhamiri ndiyo itakayogundua. Pili, akumbuke kwamba utungo wetu una elimu yake ya marejeo, nayo ni kibwagizo. Kibwagizo hurudi mwishoni mwa kila ubeti kwa maneno yale yale, lakini mtungaji hodari huhakikisha kuwa hakirudi vile vile: kila ubeti umekiongezea uzito ambao hakikuwa nao mwanzo. Kibwagizo kinachorudi bila ya ubeti kukibadili ni cha mtungaji mvivu. Sera inayodhani kuwa mtu atarejea kama alivyoondoka, na atakuta kama alivyoacha, ni utunzi wa aina hiyo.

Tumefika ilipotusubiri ile tofauti ya kumrejea na kurudiana. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, katika kifungu cha 5 hauishii kusema kwamba mkimbizi asirejeshwe pasipo ridhaa yake. Unazitaka pia nchi ya asili na nchi ya hifadhi zifanye kazi pamoja. Unaitaka nchi ya asili iwapokee wanaorejea na kuwapa haki zote za raia wake. Na unakataza wasiadhibiwe kwa kuwa walikimbia, yaani, kwa Kiswahili chetu, waliorudi wasirudiwe. Ukizikusanya sharti hizo, utaona Waafrika wa 1969 walikuwa wakitafuta kauli ya kutendana. Nchi na raia wake walitengana; mkimbizi hana uwezo wa kurudi peke yake, wala nchi haina haki ya kumrejea kama mume ndani ya eda. Eda imekwisha siku nyingi. Sharti warudiane, na kurudiana kuna mahari yake mapya.

Basi rai yetu kwa wanaofasiri taarifa za wakimbizi, wa magazetini na wa maofisini, ni nyepesi. Kila wanapokutana na "return", waulize kwanza nani ametenda, kisha waandike kauli inayostahiki. Kama watu wamekwenda kwa miguu na nia zao, waandike wamerudi. Kama wamepelekwa, waandike wamerudishwa, na aliyewarudisha atajwe. Na neno kurudiana waliweke akiba hadi siku watakapoliona jambo lenyewe.